Chuma cha kujishikia msalani: kumpata fundi anayeujua ukuta wa Lamu

Chuma cha kwanza nilichomtilia mama msalani kilidumu siku tisa. Hakikumwangusha, alhamdulillahi, kwa sababu aliyekivuta ni mimi. Nilikuwa nachota maji birikani, lile tangi la maji lililojengwa msalani, nikajiegemeza kwa mkono mmoja kukijaribu tu, kikanijia chote na skrubu zake nne, na kila skrubu imevaa plagi ya plastiki iliyopakaa unga mweupe kama wa muhogo. Fundi aliyekifunga ni mtu mwema na kazi zake kwingine nimeziona ni nzuri. Ila aliutoboa ukuta wa matumbawe na chokaa kana kwamba ni nguzo ya zege ya ghorofa la Mombasa. Na kosa langu halikuwa dogo: nilimuuliza bei, sikumuuliza habari za ukuta.

Haya basi ni ya mwenzangu mwenye mzazi Lamu, hasa Mkomani au Langoni katika nyumba ya mawe ya zamani, anayetaka kumwita mtu amfungie vyuma vya kujishikia. Mwenye mzazi Malindi yatamfaa vilevile, ingawa nyumba nyingi za huko ni za mawe ya kukatwa kwa mashine au matofali ya saruji, na hizo zina mambo yake ambayo nitayagusa nikipita.

Anza na mzazi

Mzazi wa kwetu humletei chuma kama unavyomletea dawa. Mama nilipomtajia mara ya kwanza alinijibu, "Leo mwanitia chuma, kesho mtanitia kitandani." Nikanyamaza. Wiki ya pili nikabadilisha maneno. Nikamwambia magoti yangu mwenyewe siku hizi yanalia nikichutama, nataka mahali pa kushika, hebu anionyeshe yeye pafaapo. Akataja mahali patatu papo hapo, na pamojawapo nisingepafikiria mwaka mzima: pembeni mwa birika.

Mwombe akuonyeshe mwendo wake wote, mchana, sakafu ikiwa kavu na nguo zake mwilini. Kama wewe ni mwanamume na mzazi ni mama, mwachie dada yako au mjukuu wa kike. Mimi nilibaki mlangoni na tepu na kipande cha chaki, dada yangu ndiye aliyekuwa ndani akitia alama pale mkono ulipokwenda wenyewe. Mkono wa mzee haudanganyi. Angalia ukutani utakuta tayari pana doa la vidole, mahali alipokuwa akijishikiza miezi mingi bila kumwambia mtu.

Kuna nyakati nne za kutazama kwa makini.

Ya kwanza ni kuvuka kizingiti. Misala mingi ya nyumba za kale ina kidaraja mlangoni, na mtu hukivuka akiwa na kitu mkononi. Kama mtalawanda, kile kiatu cha mti, bado wavaliwa nyumbani kwenu, uondoe leo, kabla hata hujampigia fundi simu. Mti juu ya sakafu iliyolowa hauna urafiki na mguu wa mzee.

Ya pili ni birika. Mtu huinama juu ya ukingo, kata mkononi, uzito wote ukaenda mbele, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo anavyozidi kuinama. Hapa pana dawa isiyohitaji fundi: birika lisiachwe kushuka chini ya nusu. Lakini chuma kifupi kilichosimama pembeni yake, upande wa mkono usioshika kata, ni bora zaidi.

Ya tatu ni kutawadha. Wengi huisahau kwa kuwa tumeizoea. Mwenye kuosha miguu kwa kuinyanyua kwenye sinki au bomba husimama kwa mguu mmoja juu ya maji, mara kadhaa kwa siku, na mojawapo ni alfajiri, usingizi haujamtoka. Kigoda kizito cha kukalia ndicho cha kwanza hapa, na chuma kilicholala mbele yake cha kuinukia.

Ya nne ni choo chenyewe. Kwa choo cha kuchutama shida haiko katika kushuka, iko katika kuinuka. Na hapa ndipo vitabu vya wenzetu wa ng'ambo havisaidii, maana wao wanafikiria mtu mwenye karatasi. Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake ya kustanji. Ukiweka chuma kushoto peke yake, mzee ataachwa bila pa kushika wakati ule ule anaouhitaji. Chuma kikuu kiwe kulia. Kama ukuta wa kulia uko mbali, ndipo uanze kufikiria kuegemeza chuma sakafuni au kukiweka mbele yake. Lakini mtu aliyepooza upande wa kulia hesabu yake hugeuka, na huyo afadhali aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini kabla hujatoboa hata tundu moja.

Urefu na kipimo

Vipimo vya Marekani vya majengo ya umma vyataka chuma kilicholala kiwe sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni. Chukua hivyo kama mwanzo wa mazungumzo. Kisha msimamishe mzazi, mikono ining'inie, ndara anazovaa msalani ziwe mguuni, na upime kutoka sakafuni hadi mkunjo wa kiganja chake. Mama yangu ni mfupi, kwake ilitoka 74. Chuma cha 90 kingemfanya ainue bega, na bega la mzee halibebi mwili.

Kwa choo cha kuchutama, chuma kilichosimama ndicho kinachofaa zaidi. Kianzie kama sentimita 40 kutoka sakafuni, kifike mita moja na kidogo, na kiwe mbele kidogo ya magoti yake. Ataanza kushika chini, na mkono utapanda pamoja naye. Kwa choo cha kukalia, kiwe ukuta wa pembeni na kitokeze mbele ya kiti, kwani anayeinuka huinamia mbele kwanza.

Unene wa chuma uwe milimita 32 hadi 38, ili vidole vikizunguke na kidole gumba kiguse vingine. Nafasi kati ya chuma na ukuta iwe milimita 38: mkono unaingia, lakini kigasha hakipenyi kikakwama mtu akiteleza. Kadiria vidole viwili vya mwanamume vilivyowekwa pamoja, utakuwa hukukosea sana.

Ujue ukuta kabla ya kumjua fundi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa kila kilichoharibika kwangu kiliharibikia hapa.

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyolingana, yakashikamanishwa kwa chokaa, kisha yakapigwa lipu ya chokaa juu. Kuta ni nene, na unene huo humdanganya mtu. Anapiga kofi ukutani, anasikia umeshikamana, anasema huu wabeba meli. Lakini drili inapopita, inakutana kwanza na lipu, ambayo yaweza kuwa nene vidole viwili au vitatu na ni laini kama biskuti. Nyuma ya lipu kuna ama jiwe lenye vitundu, ama chokaa ya katikati ya mawe, ama uwazi mtupu. Skrubu ya inchi mbili huishia ndani ya lipu. Haijafika ukutani kabisa. Hiyo ndiyo siri ya siku zangu tisa.

Boliti zile zinazojitanua zikikazwa, ambazo ni nzuri sana katika zege, hapa zina balaa lake. Kazi yake ni kusukuma pande zote ili zibane. Chokaa haisukumiki, inasagika. Unakaza, unakaza, inazunguka tu.

Basi fanya jaribio dogo kabla ya yote. Chagua mahali palipojificha, nyuma ya mlango kwa mfano, toboa tundu jembamba polepole na ukinge unga kwenye karatasi. Unga mweupe laini kama wa uso: bado uko kwenye lipu au chokaa. Wenye rangi ya maziwa na chengachenga, drili ikawa yakwama kisha yatumbukia: hilo ni tumbawe. Wa kijivu: ni saruji, maana yake ukuta huo uliongezwa au ulifanyiwa matengenezo miaka ya karibuni. Andika ulipata lipu ya unene gani. Karatasi hiyo ndiyo utakayomwonyesha fundi.

Kuna mahali usipaguse. Chini ya ukuta ambapo chumvi imepanda na lipu inabambuka, usifunge kitu, hata gundi haitashika uozo. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na lipu iliyochongwa nakshi, waachie waliozichonga. Juu na chini ya bomba na swichi, usitoboe mpaka ujue bomba na waya vinapita wapi. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kazi yako ikiwa itavuka kutoka kutoboa vitundu ndani ya choo na kuingia katika kubomoa au kutokeza nje, pita kwanza ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukienda kwa adabu utapata na ushauri wa chokaa bure.

Malindi, ukuta wa mawe ya kukatwa ni rafiki zaidi kwa kuwa mawe yamelingana, ila usitoboe kwenye kiungo. Ukuta wa matofali yenye matundu ndani unataka njia ile ile ya wavu nitakayoeleza chini, au boliti ya kupenya hadi upande wa pili na bamba la chuma nyuma yake. Ya kupenya yafaa kwa ukuta mwembamba wa sentimita 15 hivi. Ukuta wa nyumba ya kale hutaupenya, na ukiupenya jirani hatakusamehe.

Njia tatu zinazoshika

Njia ninayoiamini ni gundi ya resini, ile ya tyubu yenye vitu viwili vinavyochanganyika mdomoni ikibanwa. Tundu hutobolewa hadi kuvuka lipu na kuingia ndani ya jiwe lenyewe sentimita nane au kumi. Likisafishwa, hutiwa kifuko cha wavu, resini hujazwa ndani, na kijiti cha chuma chenye meno huingizwa kwa kuzungushwa. Resini hupenya matundu ya tumbawe na kugandia humo, kwa hivyo haisukumi ukuta, inashikana nao. Wavu ni wa kuzuia resini isimezwe yote na uwazi wa ndani.

Ya pili ni ya ubao, nayo ni ya kwetu hasa. Ubao mgumu wa mbambakofi au mvule, mpana shibiri moja na mrefu kupita chuma, hufungwa ukutani kwa vijiti sita au vinane vya resini vilivyotawanywa, kisha chuma hufungwa kwenye ubao. Uzito unagawanyika, na kijiti kimoja kikiangukia chokaa mbovu, vingine vinabeba. Lamu haina uhaba wa watu wanaoujua mti na maji ya chumvi. Waunda majahazi wa Matondoni hawahitaji kufundishwa ubao wa kustahimili majimaji. Kwa ukuta usioaminika, mimi ningechagua hii.

Ya tatu ni kukata shimo ukutani na kujengea mguu wa chuma ndani. Ni imara ikifanywa vizuri, lakini inaumiza ukuta, na saruji ngumu katikati ya chokaa laini huleta nyufa baadaye. Iwe ya mwisho.

Vyuma vya kubandika kwa mpira unaonyonya, usinunue. Vinataka kioo au taili pana isiyo na kiungo. Na chuma cha kutundikia taulo ni cha taulo.

Chuma cha kununua, au cha kuchomelea

Hewa ya Lamu ni chumvi, na visima vingi vya mjini ni chumvi. Chuma kilichopakwa kromu hung'aa dukani na baada ya kusi moja huanza kutoa vipele. Tafuta stenlesi, na ukiweza iwe ya namba 316, ambayo ina molibdeni ndani yake na hustahimili chumvi kuliko 304 iliyozoeleka. Skrubu na nati ziwe za daraja lile lile, maana chuma kizuri chenye skrubu mbovu huoza kuanzia mdomoni. Boliti nzuri zimeandikwa kichwani: A2 ni daraja la 304, A4 ni la 316.

Chukua sumaku mfukoni, hata ya spika mbovu. Ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa au stenlesi ya daraja la chini. Isiponata usishangilie bado, kwani ziko stenlesi hafifu ambazo pia hazinati. Sumaku inakukataza, haikuruhusu.

Hadiwea za Lamu hazina kila kitu kila siku. Unaweza kuagiza Mombasa, mzigo uje kwa basi mpaka Mokowe kisha uvuke kwa boti. Resini iagize pamoja nacho na utazame tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye tyubu, na usiiache juani gatini ikingoja boti.

Ukikosa, fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa bomba la maji la mabati mazito. Mwambie bomba la inchi moja. Kwa majina ya mabomba, "inchi moja" ni kipimo cha ndani, na unene wake wa nje ni kama milimita 33, sawasawa na kiganja. La robo tatu ni jembamba, la inchi moja na robo ni nene mno kwa mkono wa mama mzee. Miguu ya kufungia iwe bamba nene lenye matundu matatu au manne kila upande. Mahali palipochomelewa zinki huungua na kutu huanzia hapo, kwa hivyo pasuguliwe na kupakwa rangi ya zinki kabla ya rangi ya juu.

Kumtafuta fundi

Usiulize "nani fundi mzuri?" Kila mtu ana binamu. Uliza: nani alifunga tangi au sinki zito kwenye ukuta wa zamani, na bado liko? Waulize wasimamizi wa nyumba za wageni za Shela na Mkomani, kwa sababu wao hutengeneza misala mwaka hadi mwaka na wanawajua waliorudishwa na wasiorudishwa. Fundi mwashi aliyezoea chokaa mara nyingi atakufaa kuliko fundi bomba, ingawa kazi inaonekana ya bomba.

Omba kuona kazi iliyopita kusi na kaskazi, yaani ya mwaka mzima. Kazi ya wiki jana haina ushahidi.

Kisha mlete nyumbani atazame kabla ya kutaja bei. Atapiga hodi, atangoja dakani, yaani ukumbini mwa mlango, mpaka wa ndani wajistiri, mpe chai, mpeleke msalani. Na umuulize moja tu kwanza: "Fundi, ukuta huu utautoboa vipi?"

Nilimuuliza hivyo wa pili. Hakunijibu. Alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasogea, akapiga tena, akasogea, mara sita au saba. Akaniambia, "Hapa lipu imeachana na jiwe. Pale ni jiwe. Chuma chako tukisogeze vidole vitatu, au mama hatafika?" Tukamwita dada, mama akajaribu, akafika. Nikajua nimempata.

Mengine ya kuuliza yanafuata yenyewe. Tundu litaingia kina gani? Utalisafisha kwa nini? Drili utaiweka kwenye nyundo au bila nyundo? Anayejua atakwambia bila nyundo, kwa sababu kupiga hupanua tundu la jiwe laini na kupasua taili. Taili moja likipasuka nani analipa? Na hili: ukimaliza, utajining'iniza mwenyewe? Anayecheka na kusema "mimi na kijana wangu pamoja" ni wako. Anayekasirika mshukuru kwa chai aliyokunywa.

Jihadhari na anayesema saa moja imekwisha. Resini peke yake yaweza kula saa hiyo yote.

Bei na karatasi

Bei sitazitaja, zitakuwa zimebadilika kabla hujamaliza kusoma. Lakini omba bei ya kazi nzima badala ya kibarua cha siku, na vifaa ununue mwenyewe, au muende pamoja hadiwea. Fundi anayenunua peke yake huwa na mapatano yake na duka, na wakati mwingine boliti za A4 hugeuka A2 njiani.

Andikeni, hata ukurasa wa daftari la shule: vyuma vingapi, wapi, urefu gani kutoka sakafuni, resini au ubao, taili likivunjika, vumbi nani anafagia. Lipa kwa awamu. Theluthi ya kwanza akianza, ya pili vijiti vikishaingia, ya mwisho baada ya jaribio la kesho yake. Ukilipa kwa M-Pesa ujumbe wenyewe ni risiti, usiufute. Haya si kumvunjia mtu heshima. Fundi wangu aliposaini alisema heri hivyo, kwa kuwa watu wazuri nao humsahaulisha chake.

Usipange kazi Ijumaa, wala siku za Maulidi mji ukiwa umejaa. Ramadhani yawezekana asubuhi, ila muulize, usimlazimishe.

Siku yenyewe

Mzazi awe na choo kingine cha kutumia, kwa jirani au ghorofa ya chini, hadi kesho yake. Hili lipange kabla, maana hakuna jambo linaloharibu kazi kama mama anayegonga mlango resini ikiwa bado mbichi, akashika chuma kwa mazoea.

Funga maji. Zima umeme wa upande huo kama kuna waya karibu, na drili iwe ya betri au ya waya kutoka chumba kingine. Umeme ukikatika katikati na resini imeshafunguliwa, itaganda mdomoni mwa tyubu, na utahitaji mdomo mpya.

Alama zitiwe kwa pima maji, mzazi aje ashike hewani mara ya mwisho, kisha ndipo tundu. Juu ya taili bandika kipande cha tepu ili ncha ya drili isiteleze. Fungia kitambaa chepesi au tepu kwenye ncha ya drili mahali pa kina mlichokubaliana, ndipo utakapojua wewe usiye fundi kwamba tundu limefika.

Kusafisha tundu ndiko kazi nusu. Puliza, sugua kwa brashi nyembamba ya chupa, puliza tena, rudia mpaka unga usitoke. Resini ikigandia unga, imegandia unga. Fundi wa kwanza alipuliza kwa mdomo mara moja akafumba macho.

Resini ya mwanzo inayotoka kwenye mdomo wa tyubu imwagwe kwenye karatasi mpaka rangi iwe moja. Ijazwe kuanzia chini ya tundu kuja nje. Katika joto letu huanza kukaza baada ya dakika chache tu, kwa hivyo tundu moja, kijiti kimoja, kisha jingine. Atakayejaza matundu manane kwa pamoja atavunja vijiti vya mwisho kwa nyundo. Muda wa kukauka umeandikwa kwenye tyubu. Mimi huacha mpaka kesho hata ikisema saa moja.

Chuma kikishafungwa, mzunguko wa mguu wake utiwe silikoni juu na pembeni, chini paachwe wazi kidogo ili maji yakiingia yatoke.

Kujaribu

Vipimo nilivyovitaja vya Marekani vyataka chuma kibebe pauni 250, yaani kilo 113 hivi. Mzani hatuna, lakini watu tunao. Kesho yake fundi akivute kwa mikono miwili kuja kwake, mguu mmoja ukisukuma ukuta. Kisha akining'inie chini. Kisha yeye na kijana wake. Wewe weka kidole kwenye kiungo cha mguu wa chuma na ukuta: ukihisi mtikisiko, hata mdogo, au lipu ikitoa ufa kama unywele, malipo ya mwisho yangoje na kijiti hicho kifanywe upya.

Ndipo mwite mzazi. Aingie, avuke, achote, achutame, ainuke, akiwa amevaa, na mtu karibu.

Baada ya hapo ni kufuta vyuma kwa maji matamu na kitambaa kila wiki, na kukaza nati mara mbili kwa mwaka, kusi ikianza na kaskazi ikianza. Na taa. Weka ndogo ya kuchaji mlangoni, kwani mzee hatashika chuma asichokiona.

Ukiwa mbali

Wengi wetu tuko Nairobi, Mombasa au Uarabuni na mama yuko Lamu. Yawezekana, lakini usiongoze kwa sauti za simu peke yake. Mteue mtu mmoja, si watatu, awe pale: shangazi mkali kuliko binamu mpole. Omba picha nne: tepu ukutani ikionyesha urefu, kijiti kilichoingizwa ndani ya tundu tupu kikiwa na alama ya kina, kichwa cha boliti maandishi yake yasomeke, na video ya fundi akining'inia. Pesa ya awamu ifuate picha ya awamu.

Mama sasa ana vyuma vitatu, mwaka wa pili huu. Cha birika ndicho akipendacho. Shida iliyobaki ni kwamba huvianikia kanga mbichi, na kanga mbichi ya maji ya kisima hukaa na chumvi usiku kucha juu ya chuma nilichokiagiza kwa tabu. Nimemtilia vigingi viwili vya mti nyuma ya mlango. Vigingini anatundika kata.